Mpima Umande

Mara ya kwanza kumwona Mzee Malongo alikuwa ameinama kwenye majani kando ya uwanja wa mpira, na mimi nilifikiri ni mwizi. Jua lilikuwa halijatoka. Ukungu wa Biharamulo ulikuwa umeshuka kutoka upande wa Boma la Wajerumani na kulala barabarani kama moshi wa kuni mbichi, na kitu cha kwanza nilichokiona kwake hakikuwa uso, vilikuwa viatu. Mimi ni fundi viatu, macho yangu huanzia chini. Alivaa katambuga za tairi, kubwa kuliko miguu yake, na mkanda wa kushoto ulikuwa umekatika akaufunga kwa kamba ya katani.

Alikuwa ameweka kiganja wazi juu ya majani, taratibu, jinsi mama anavyompima mtoto homa kwenye paji la uso. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akakinusa kiganja, akakifuta kwenye koti, akaokota fimbo yake, akaipitisha nyuma ya shingo na kuning'iniza mikono yote miwili juu yake. Halafu akaanza kuja upande wangu.

Nilijibanza nyuma ya nguzo ya umeme.

"Ng'wangaluka, wewe wa kwenye nguzo," alisema bila kusimama.

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, naijua, lakini ulimi ulinishika. "Shikamoo," nikasema.

"Sema kwa nguvu, masikio yangu yamezeeka."

"Shikamoo!"

"Malahaba. Toka huko, mwanangu. Nguzo haikufichi, tumbo limebaki nje."

Akapita. Nilibaki nimesimama pale nikicheka peke yangu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mimi ni mtu wa aibu tangu utotoni. Shule ya msingi kule Nyantakara nilimaliza bila kuinua mkono darasani, hata pale nilipojua jibu. Sasa nina watoto wakubwa, lakini bado nikimwona mtu anakuja mbele yangu njiani huanza kuipanga salamu tangu akiwa mbali, na anapofika nimeshaisahau. Ndiyo maana hutembea alfajiri. Mke wangu Anneth akiwa anakoka moto, mimi natoka, nauzunguka mji, narudi kunywa uji, kisha nakwenda kwenye kibanda changu karibu na stendi.

Saa ile mji hauna maswali. Unasikia fagio za chelewa zinakwangua nyua, moja huku, nyingine kule, huwaoni wanaofagia. Adhana inatoka msikitini, na kabla haijapoa kengele ya kanisani inajibu, kama majirani wawili wanaoamshana. Migomba inadondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Pale stendi basi la Mwanza linanguruma, na konda anaita "Runzewe, Geita, Mwanza!" kwa sauti kubwa wakati mbele yake yupo mbwa mmoja tu aliyelala. Baiskeli za mkaa zinapita zikilia mnyororo, na mimi kwa kusikia tu naijua ya nani imekosa mafuta. Halafu harufu: moshi kwanza, kisha kahawa, kisha maandazi ya Mama Clever yakigusa mafuta. Nimetembea hivyo miaka mingi na sijawahi kuchoka.

Baada ya siku ile ya nguzo tulikutana kila asubuhi. Mwanzoni yeye alitembea upande huu wa barabara, mimi upande ule. Kisha siku moja gari la mchanga lilinisukuma upande wake nikabaki hukohuko. Alitembea polepole, nami nikapunguza mwendo. Habari zake alinipa vipande vipande, leo kimoja, kesho kingine, kama mtu anayegawa tumbaku.

Alizaliwa upande wa Shinyanga. Akiwa kijana aliswaga ng'ombe na mkewe hadi akafika kwetu Nyantakara, wakati huo msitu ukiwa bado mnene. Hapo alizaa, hapo alimzika mkewe. Malisho yalipopungua wanawe waliwapeleka ng'ombe upande wa Kigoma. Yeye mguu ulikuwa umeshaanza kuuma, na masikio yameanza kuziba, kwa hiyo binti yake Ng'washi, anayeuza dagaa sokoni hapa mjini, akamchukua na kumleta katika vyumba viwili alivyopanga mtaani kwetu.

"Mji huu mzuri," aliniambia. "Ila watu wanaamka wamechelewa. Hata jogoo wa hapa ni wavivu."

Ilinichukua muda mrefu kumuuliza lile nililotaka kumuuliza. Siku niliyopata nguvu alikuwa ameinama mbele ya ghala la mahindi.

"Baba, unatafuta nini kwenye majani?"

"Umande."

"Wa nini?"

Alinitazama kwa huruma. "Ninyi Wasubi wa hapa mlikula ndizi tu, hamkuchunga. Mchungaji hafungui zizi kabla ya kushika majani. Umande ukiwa mzito ng'ombe hawatoki. Wakila majani yale matumbo yanavimba, ndama wanaharisha. Unashika, unanusa, unaamua."

"Lakini ng'ombe si wako Kigoma?"

"Wako Kigoma." Akajifuta kiganja. "Lakini nisiposhika, siku nzima nahisi kuna zizi nimesahau kulifungua."

Basi ndivyo alivyokuwa akifanya. Alishika majani hapa na pale, akiridhika anasimama kwenye kona ya barabara ya soko, fimbo mabegani, na kusema, "Haya, watoke." Na kweli watu walikuwa wanatoka. Wanafunzi na sweta zao walikuwa ndama. Vijana wa bodaboda walikuwa mafahali wasiohasiwa. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Gozbert, anayetembea kifua mbele, alimwita dume lenye nundu. Nilimuuliza mimi ni yupi.

"Wewe ni yule ndama wa mwisho, anayesubiri wenzake wote wapite mlangoni. Ukimhesabu haraka unamsahau." Kisha akaongeza, "Lakini huyo ndiye hapotei."

Nilimshonea mkanda wa katambuga siku hiyohiyo. Tangu hapo nilimsikia akija kabla sijamwona: tap, tap, sawasawa, miguu yote miwili.

Mambo yaliharibika mwezi wa kumi. Mama Clever, ambaye jina lake ni Bernadetha, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Ng'washi na hukaanga maandazi kibarazani kwake. Asubuhi moja alimkuta Mzee Malongo ameinama karibu kabisa na mlango wake, mkono kwenye majani, akinong'ona. Siku mbili baadaye mtoto wake, Clever, alishikwa na homa kali hadi degedege. Walimkimbiza hospitali, wakampa dawa ya malaria, akapona. Lakini kabla mtoto hajapona maneno yalikuwa yameshafika bombani, na yakitoka bombani yanakwenda na ndoo kila nyumba.

Kwetu, mtu akiinama mlangoni kwa mwenzake kabla ya jua, watu hawamuulizi amedondosha nini. Wanajua ametega uchawi. Na Mzee Malongo alikuwa mgeni, hasikii salamu kwa hiyo haitikii, na macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa miaka yote ile aliyolala karibu na zizi.

Wateja walianza kupita meza ya Ng'washi bila kugusa dagaa wake. Mwenye nyumba akamwambia aangalie. Ng'washi aliyaogopa maneno yale kuliko mimi, maana alipokuwa msichana alishaona bibi mmoja akifukuzwa kijijini, na yalianza hivihivi, kwa bomba na ndoo. Kwa hiyo alimkataza baba yake kutoka kabla ya watu kuamka. Mzee hakusikia, au alijifanya hakusikia. Ndipo akanunua kufuli.

Ua wa nyumba ile ni wa minyaa. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amesimama kwa ndani, fimbo mabegani, uso wake ukionekana juu ya minyaa kama wa ng'ombe aliyeachwa zizini na wenzake wamekwenda.

"Fundi! Majani yakoje?"

"Yamelowa, Baba."

"Yamelowa kiasi gani?"

"Kiasi tu."

"Umeshika au umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Macho hayajui umande. Nenda kashike."

Sikwenda. Niliona aibu. Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa. Ng'washi alinisimamisha sokoni, khanga ameiuma pembeni, akasema baba yake hali vizuri, ugali anaugusa na kuuacha, mchana kutwa anakaa amegeukia ukuta. "Kaka, mimi sijui ninamlinda au ninamuua," alisema.

Basi asubuhi iliyofuata nilitazama huku na huku, nikainama kando ya uwanja, nikashika majani. Nilidhani nitaona upuuzi. Lakini maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyofikiri, yakaniingia kati ya vidole, na harufu yake ilikuwa ya udongo na ya kitu kitamu kidogo, kama ganda la muwa. Miaka yote nimepita hapo na sikujua. Nikaenda kushika pengine. Mbele ya ghala umande ulikuwa mwepesi. Chini ya miparachichi haukuwepo kabisa. Nilikuwa nimechutama, kiganja puani, niliposikia beseni likitua chini.

"Yesu na Maria! Na wewe, fundi?"

Alikuwa Mama Clever. Nilikuwa nimeinama mbele ya nyumba yake bila kujua.

"Mimi... hapana... Mzee..."

"Mzee amekuachia kazi, siyo? Amefungiwa yeye, amekutuma wewe!"

Ningeweza kueleza. Mtu mwingine angeeleza. Mimi niliondoka haraka, sikukimbia lakini haikuwa mbali na kukimbia. Kwenye ua wa minyaa nilipunguza mwendo.

"Mzito uwanjani," nikamwambia Mzee, nikihema. "Mwepesi kwenye ghala. Chini ya miti hakuna."

Alicheka mpaka minyaa ikatikisika. "Sasa umeshika!"

Mchana ule mteja mmoja alinikabidhi kiatu amekishika kwa ncha za vidole viwili. Jioni Gozbert alituma ujumbe: Jumapili baada ya misa, kikao nyumbani kwake, na mimi niwepo, na Mzee Malongo awepo.

Anneth aliuliza nitasema nini. Nikamwambia sijui. Akasema, "Sostenes, ukinyamaza na huyu mzee akafukuzwa, hutatembea tena asubuhi. Nakufahamu. Utabaki humu ndani ukinisumbua jikoni." Ndivyo anavyonitia moyo.

Jumapili uwanja wa Gozbert ulijaa. Mabenchi yalikuwa yametolewa chumba cha mikutano, wengine wamekaa kwenye matofali. Mzee Malongo alikaa mbele na koti lake, Ng'washi pembeni yake. Sikuweza kumtazama mtu, nikatazama viatu. Nilivijua vyote, nusu yake nilivishona mimi, na hilo lilinisaidia kidogo.

Mama Clever alisimama akasema yake. Hakusema kwa ubaya. Alisema alivyomwona mzee, alivyoona mtoto anageuza macho, alivyombeba akikimbia huku kiatu kimoja kimebaki njiani. Sauti ilikatika, akakaa. Hata mimi nilimwelewa. Mama aliyeona vile hawezi kuambiwa ni bahati mbaya tu.

"Fundi," Gozbert alisema. "Na wewe umeonekana. Simama useme."

Nilisimama. "Anapima umande," nikasema, nikakaa.

Watu walicheka. Gozbert akanyoosha mkono. "Simama tena, bwana. Anapima nini?"

"Umande. Kwa ajili ya ng'ombe. Ukiwa mzito hawatoki. Matumbo..." Maneno yakaisha. Nikaonyesha tumbo langu kwa mikono, jinsi linavyovimba, wakacheka zaidi, kwa sababu langu halihitaji kuonyeshwa.

"Ng'ombe!" Mama Clever alisema. "Haya, ng'ombe wako wapi? Mtu hana hata mbuzi, anapima umande wa nani?"

 Lilikuwa swali zuri, nami nikarudi kutazama viatu.

"Anasema nini?" Mzee Malongo aliuliza.

Ng'washi alimsogelea sikioni akamwambia kwa Kisukuma. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka, si kwa mwenyekiti, kwa Mama Clever.

"Mtoto amepona?"

Mama Clever alishtuka. "Amepona."

"Anakula?"

"Anakula."

"Mungu ashukuriwe. Mimi nilimsikia analia siku ile, hata kwa masikio haya. Nikasema moyoni, yule si wa kulia hivyo." Akainua kiganja. "Ng'ombe wangu wamekwenda, mama. Mkono haukwenda nao. Nikiamka unataka kushika. Nilipita kwako bila kujua ni mlangoni kwa mtu, kwetu mlango uko mbali na majani. Nisamehe kwa hilo. Lakini mkinifungia, mnifungie tu moja kwa moja. Msiniache nasikia mji unatoka na mimi niko ndani."

 Gozbert alikuna kidevu.

"Sisi hatuwezi kumhukumu mtu kwa majani," alisema. "Lakini na mama huyu ana hofu yake. Kama kuna mtu wa mtaa huu, anayefahamika, atatembea naye kila asubuhi na kusimama badala yake likitokea neno, atoke. Na asiguse majani popote. Atembee barabarani tu. Nani atamsimamia?"

Watu walitazamana. Ng'washi aliinamisha kichwa. Nami niliuona mkono wangu, ule ambao haukuinuka darasani hata siku moja, uko juu.

"Nimekuona, fundi," Gozbert alisema. "Teremsha, hatujakataa."

Tukaanza tena. Kufuli likaondolewa. Tulitembea katikati ya barabara kama watu wa maandamano, yeye na fimbo yake, mimi nikitazama kushoto na kulia asije mtu akasema ameona kitu. Watu walituitikia, lakini kwa ufupi. Mama Clever alikuwa akigeuzia sufuria lake upande wa pili tukipita. Mzee alitii. Mkono wake ulikuwa unashuka wenyewe kuelekea majani, anauvuta na kuurudisha kwenye fimbo. Kuangalia vile kuliniuma kuliko kufuli. Nilijaribu kushika badala yake kule uwanjani, ambako si nyumba ya mtu, nikimletea mkono wangu anuse, akasema mkono wangu unanuka gundi.

Kisha, mwezi wa kumi na moja, senene wakaja.

Mvua ilinyesha usiku na alfajiri ikapambazuka shwari, na tulipotoka kwenye geti la Ng'washi tukakuta mji mzima umeinama. Sitanii. Wanawake kwa wanaume, wazee, wanafunzi na sare zao, wote wamechutama kwenye majani na ndoo, masufuria na chupa za maji zilizokatwa midomo, kwa sababu senene, panzi wetu wa kukaanga, akilowa umande haruki mbali, unamwokota kama punje. Mwenyekiti Gozbert mwenyewe alikuwa kwenye mtaro, suruali imekunjwa magotini, kifua chini kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyejali ni majani ya nani. Kwenye senene hakuna mpaka.

Mzee Malongo alisimama. Alitazama kwa muda mrefu, mikono ikining'inia kwenye fimbo.

"Fundi," alisema. "Leo ni mkutano wa wachawi?"

Na pale, hatua chache kutoka kwetu, mlangoni kabisa kwa Ng'washi, alikuwa Mama Clever. Ametugeuzia mgongo, mkono ndani ya majani, ndoo pembeni, akinong'ona: "Njoo, njoo hapa, mjinga wewe, unakwenda wapi."

Mzee alimsogelea. Tap, tap. Akakohoa.

"Mama Clever. Unatega nini mlangoni kwangu?"

Aliruka. Ndoo ilipinduka na senene wakatawanyika. Alitutazama, akaitazama nyumba, akautazama mkono wake uliolowa mpaka kwenye kiwiko, na nikaona uso wake unabadilika anapojua alipo.

"Natega... naokota senene, Mzee."

"Senene wako wapi? Mtu hana hata panzi, anaokota senene wa nani?"

Alilisema kwa kuiga sauti ya Mama Clever, ileile ya kwenye kikao, hata mkono kiunoni. Kumbe alilisikia vizuri siku ile. Mama Clever alifumba mdomo kwa nguvu asicheke, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji. Gozbert kule mtaroni alicheka. Kicheko kilikwenda kutoka nyumba hadi nyumba, kila mmoja akimweleza mwenzake, kwa njia ileile iliyopitiwa na yale maneno ya bombani.

Alipojifuta machozi, Mama Clever aliuliza, "Umande ukoje leo, Mzee?"

"Sijui. Nimekatazwa kushika."

"Shika, bwana. Shika! Nani amekukataza?" Kisha akakumbuka ni nani. "Njoo hata kwangu ushike. Njoo sasa hivi."

Tulikwenda. Mzee Malongo aliinama mlangoni kwa Mama Clever, watu wote wakitazama, akaweka kiganja chini taratibu. Clever, mwenye miaka minne, alitoka ndani akachuchumaa, akaweka na yeye chake pembeni. Mama yake hakumwita.

Jioni alimletea Mzee sahani ya senene waliokaangwa na kitunguu. Mzee alisema yeye hawezi kula wadudu wa watu, yeye ni Msukuma. Ng'washi aliniambia baadaye kwamba sahani ilikutwa tupu na paka wa nyumba ile alikuwa na njaa.

Tangu hapo ikawa ni kuitwa. "Mzee, na kwangu!" Wakamfanya ndiye wa kuwaambia kama waanike mihogo, maana umande mzito, alisema, hufuatwa na jua kali. Mara nyingi ilikuwa hivyo. Siku nyingine alikosea, mvua ikainyeshea mihogo ya mtaa mzima, akasema umande ule ulikuwa wa kutoka Ngara, si wa hapa, haueleweki. Dagaa wa Ng'washi wakawa wanaisha kabla ya saa sita. Na mimi, nikitembea naye, nilisalimiwa na watu wengi hata nikaanza kuitikia bila kupanga. Nilijua majina ya watoto wa watu niliowashonea viatu miaka kumi. Siku moja nilimsalimia konda wa basi la Mwanza mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, na alipojibu nikaona kumbe sauti yake ya kawaida ni ndogo kama yangu.

Miguu ya Mzee ilianza kumwacha baada ya Krismasi. Kwanza tuliacha kufika stendi. Kisha tukawa tunaishia uwanjani. Kisha kwenye ile nguzo yangu ya umeme, ambako kila siku alisema, "Pumzika hapa, ni kwako." Mwisho alikuwa anafika getini tu, ananisubiri pale, na mimi nazunguka peke yangu, nashika kila alipopenda kushika, narudi kumweleza. Aliuliza maswali mengi. Kwa Mama Clever ukoje? Gozbert ametoka? Ndama wamevaa sweta leo au hawakuvaa? Nilikuwa namweleza yote, mimi ambaye Anneth husema nikienda msibani nikirudi sijui hata aliyefariki ni nani.

Asubuhi moja hakuwa getini. Ng'washi alinifungulia mlango, macho yamevimba, akanionyesha chumba. Mzee alikuwa amelala chali, amefunikwa blanketi hadi kifuani. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani na katambuga zilikuwa chini ya kitanda, zimepangwa pamoja, visigino vikiangalia ukuta. Nje fagio zilikuwa zimeanza.

"Shikamoo, Baba."

"Malahaba."

Nilivuta kigoda. "Leo nitakaa hapa na wewe," nilimwambia sikioni. "Tupumzike."

Aligeuza kichwa akanitazama kama vile nimesema jambo la ajabu. Akatoa mkono chini ya blanketi, akaushika wangu, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Mkavu," alisema. "Hujashika."

"Bado, Baba. Nimepitia hapa kwanza."

"Sasa ukikaa hapa, nani atawafungulia?"

 Alinisukuma mkono, bila nguvu lakini kwa kukusudia. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyosikia sauti yake, na haikuwa sauti ya mgonjwa, ilikuwa ya mchungaji anayemtuma mtoto zizini:

"Nenda, mwanangu, usikimbie. Anzia uwanjani, upite kwa Mama Clever. Ukirudi uniambie umande ukoje."